Sikio la Tepu

Ka.

Mlio mdogo, kama wa kalamu ya kubonyeza. Ulitoka gizani, chini, upande wa kitanda. Kisha kimya.

Inspekta alisimama mlangoni, mkono bado umeshika kitasa. Nje jua lilikuwa limeshapanda na mtaa uko kwenye shughuli zake, lakini chumba cha marehemu kilikuwa kimefungwa mapazia mazito tangu siku ya msiba, na ndani ungeapa kwamba ni usiku. Vitu viwili tu vilionekana: vitaa viwili vya kijani ukutani, kimoja juu ya kingine, vimetulia kama macho ya paka aliyelaza kichwa.

Ka. Ka.

Sebuleni simu ikaita. Ikaita mpaka ikachoka, asiipokee mtu.

"Ndiyo hiyo," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Huyu alikuwa binti wa marehemu, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. "Kila kitufe cha mama kikibonyezwa, simu yangu inaita, inaandika 'Mama'. Tangu mafundi waunganishe waya, inaniita asubuhi, inaniita mchana. Siku ile ya kuniita kweli, Afande, ilikaa kimya kama jiwe."

"Kwa nini hukizimi hicho kitufe?"

"Nimnyang'anye mtoto? Ni wa mdogo wangu. Amehamia mvunguni na hicho kitufe, hatoki ila kula."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inspekta alivua kofia, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi sakafuni na sketi yake ya sare ilivyopigwa pasi. Kituoni walimwita Sindano, kwa kuwa hupita penye tundu dogo na hutoka na uzi. Mvunguni mlikuwa na ndala za bibi, beseni, na mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa nusu, nusu zimeachwa. Mkononi alishika kitufe cheupe, kikubwa kama kifuniko cha soda, kimefungwa kamba ya kuvaa shingoni.

"Shikamoo," mtoto alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu." Inspekta naye akanong'ona. "Kwa nini tunanong'ona?"

"Bibi amelala. Tukipiga kelele ataamka."

"Nani kasema?"

"Baba."

Nyuma yao fundi cherehani alivuta pumzi, akainyima sauti.

"Na hapo unamwita nani?"

"Simwiti mtu. Nafanya kama bibi."

"Bibi alifanyaje? Nionyeshe."

Mtoto aliweka kidole gumba juu ya kitufe. Ka. Akangoja, macho yametazama mlango. Ka. Akangoja tena, muda mfupi zaidi. Halafu ka-ka-ka-ka-ka, mfululizo, mpaka kidole kikalegea na mkono ukashuka taratibu juu ya sakafu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafungua mdomo, akabaki hivyo.

Sebuleni simu ilikuwa inalia kama imepagawa.

Fundi cherehani alikaa chini palepale mlangoni. Siku mbili zilizopita, kituoni, alipoulizwa anataka nini kwenye uchunguzi huu, alijibu kwamba hataki mtu afungwe wala mtu alipe. Alitaka kujua jambo moja tu: mama yake alimwita, au hakumwita? Kwa sababu kama hakumwita, ni kazi ya Mungu. Na kama alimwita, basi yeye alikuwa kwenye cherehani yake, nyumba chache kutoka hapo, anashona gauni la mtu huku mama yake anatafuta pumzi.

Sasa alikuwa amejibiwa.

Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kueleza na mazito kubeba. Bibi alipata kiharusi. Maneno yakampotea, mkono mmoja ukafa, kidole gumba cha mkono wa pili kikabaki. Tena alikuwa na pumu. Nesi wa mtaa alikaa nyumba ya mkabala, ana mtungi wake wa hewa na dawa zake. Kwa hiyo wanawe walimnunulia kitufe: akibonyeza, simu ya binti inaita na simu ya nesi inaita, kwa njia ya intaneti ya nyumbani. Mara kadhaa kilimwokoa. Jumanne alasiri mtu alipanda nguzo ya mdomo wa mtaa akakata waya. Nesi alikuwa kwake, anakunja nguo; simu yake haikulia, na bibi akafa.

"Inuka, mama," Inspekta alimwambia fundi cherehani, akimshika kiwiko. "Nieleze hizi taa mbili."

Alifungua pazia kidogo. Mwanga uliangukia ukutani, penye visanduku viwili. Cha juu kilikuwa cha kampuni ambayo mtaa mzima uliiita Bluu, kwa rangi ya nguzo zake. Cha chini ni cha Njano.

"Mimi nilitaka Bluu," alisema fundi cherehani. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hao ni wa zamani. Kweli ni kobe, ukiwaita leo wanakuja wakikumbuka, na kwenye simu wanakuchezea muziki mpaka unaujua kwa kichwa. Lakini wakifunga wamefunga. Mdogo wangu ni mwuzaji wa Njano, yeye hataki kusikia. Kila siku, 'Dada, Bluu ni trekta, sisi ni pikipiki. Nguzo zetu wenyewe, nyaya zetu wenyewe, tunafunga siku hiyohiyo.' Tulibishana hapa kama wabunge. Mama ulimi ulikuwa bado haujamkatika kabisa. Akasema, 'Wekeni zote mbili, mniache nilale.'"

"Mkaweka zote mbili."

"Njano iliwekwa juzijuzi tu, wiki moja kabla. Mdogo wangu aliifunga kwa mkono wake, alishawahi kuwa msaidizi wa mafundi. Akasema, 'Sasa mama hawezi kukatika. Moja ikifa, nyingine inashika.'"

Inspekta alifuata kwa kidole waya wa kuchajia kitufe, ulioshuka kutoka mezani hadi mvunguni. Katikati ulikuwa umechubuka na kufungwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Tepu ilizungushwa vizuri, na mwisho wake ulikunjwa ndani kidogo, ukatokeza nje kama sikio la panya.

"Na hii?"

"Sikio?" Kwa mara ya kwanza uso wa fundi cherehani ulilegea. "Hiyo ni desturi ya mama. Alikuwa anafunga vifurushi dukani, zamani. 'Ukifunga tepu acha sikio, atakayekuja kufungua baada yako asihangaike, asije akakuapiza na kucha zake zimevunjika.' Ukisahau, unafunga upya. Sisi kwetu hata zawadi ina sikio. Watu hutucheka."

Inspekta hakucheka. Aliliminya lile sikio mara moja, akasimama, akavaa kofia yake.

*

Sajenti alikuwa anamsubiri chini ya nguzo ya bluu, kivuli cha nguzo hakimtoshi hata bega. Kando yake alisimama mhandisi wa kampuni ya Bluu, msichana mwembamba mwenye kofia ngumu na uso wa mtu aliyetumwa na wakubwa akaambiwa aongee kidogo.

"Afande, sijui tunatafuta nini tena," alisema Sajenti. "Mzee Chuma yuko ndani. Tumemkuta na koleo, tumemkuta na nyaya kwenye mkokoteni wake. Kesho anapandishwa kizimbani. Mtu akikutwa na manyoya mdomoni, unamwuliza kuku yuko wapi?"

"Mzee Chuma anakusanya chuma chakavu. Anauza nini?"

"Shaba. Alumini. Masufuria."

"Ndani ya waya wenu mna shaba?" Inspekta alimgeukia mhandisi.

"Hakuna hata kipande," alisema mhandisi. "Ni nyuzi za glasi, nyembamba kuliko unywele. Hazina mnunuzi."

"Huenda hakujua," Sajenti alishikilia. "Wezi wengi wanakata kwanza, wanajifunza baadaye."

"Basi angekata wapi na wapi? Mwizi wa waya anakata huku, anakata kule, anaondoka na cha katikati. Mlipoteza kiasi gani?"

"Haikupotea hata shubiri moja," alisema mhandisi. "Pigo moja tu, juu ya kisanduku cha nguzoni. Kipande kilichokatwa ninacho, tulibadilisha kizima." Alifungua mkoba wake akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na waya mnene mweusi, unene wa kidole, vipande viwili. "Na kuna kitu kilichowashangaza mafundi wetu. Walipofika jioni, walikuta ncha zote mbili zimefungwa tepu."

Sajenti alipokea mfuko, akauinua juani. "Mwizi anakata kisha anamfunga mgonjwa bandeji! Huyu tungemwajiri."

"Ni kwa sababu ya vipande," alisema mhandisi. "Glasi ikivunjika inadondosha miba midogo. Ikiingia kwenye kidole cha mtoto anayecheza chini ya nguzo, huioni, huitoi. Ndiyo kitu cha kwanza tunachomfundisha kila anayeanza kazi: funga ncha."

"Kwa hiyo aliyepanda hapa alifundishwa kazi," alisema Inspekta. "Na aliwafikiria watoto."

Aliuchukua mfuko. Hakuufungua. Aliuzungusha taratibu mpaka mwisho wa tepu ukageuka upande wake. Ulikuwa umekunjwa. Kijisikio kidogo, kimetokeza, kinamsubiri atakayekuja.

Alirudia na ncha ya pili. Sikio.

"Afande?" Sajenti aliuona uso wake. "Kuna nini?"

Inspekta aliushusha mfuko. Alitazama juu. Mkabala na nguzo ya bluu, hatua chache, ilisimama nguzo ya njano, mpya, inang'aa kama ndizi mbivu. Waya wa Njano ulikuja nyumba hadi nyumba, nguzo hadi nguzo, mpaka kwenye hii ya mwisho. Hapo ukateremka ndani ya bomba na kuzama ardhini. Juu ya nguzo palibandikwa tangazo: NGUZO ZETU. NYAYA ZETU. MTANDAO WETU.

"Waya wa Njano haukuguswa," alisema.

"Haukuguswa," Sajenti alikubali. "Uko mzima mpaka leo."

"Basi kwa nini kitufe hakikuita? Bibi alibonyeza. Nina shahidi. Nyumba ina laini mbili. Ya Bluu imekatwa, ya Njano nzima. Moja ikifa, nyingine inashika. Haikushika."

Sajenti alitazama waya mmoja, kisha wa pili.

"Mhandisi," alisema Inspekta. "Ule waya ukishazama pale, unaenda wapi?"

Msichana alianza kuchezea mkanda wa kofia yake. "Hayo ni mambo ya kampuni nyingine, Afande."

"Nimekuuliza unaenda wapi, sijauliza wa nani."

"Kuna mkataba..."

"Dada yangu, kuna bibi yuko kaburini na kuna mzee yuko mahabusu. Mkataba unaweza kusubiri."

Mhandisi alitazama barabara, juu na chini. Kisha akachuchumaa kati ya zile nguzo mbili, akapangusa mchanga kwa kiganja, ukatokea mfuniko wa zege. Sajenti alimsaidia kuuinua. Ndani ya kishimo, waya wa Njano ulishuka kutoka upande mmoja, ukajipinda mara moja kama nyoka aliyechoka, ukaingia kwenye bomba la kijivu la upande wa pili. Bomba hilo lilielekea nyuma ya nguzo ya bluu. Inspekta alizunguka nguzo. Nyuma, mahali ambapo hakuna mpita njia angepatazama, bomba lilipanda limeng'ang'ania chuma, limepakwa rangi ya bluu lisijulikane, likaingia chini ya kisanduku cha Bluu.

Kutoka juu ya kisanduku, kuelekea barabara kuu, ulitoka waya mmoja tu. Mnene. Mweusi. Ule uliokatwa.

"Wanapanga," alisema mhandisi kwa sauti ndogo. "Sisi ndio wenye njia ya kwenda barabara kuu. Wao wamekodi nyuzi chache ndani ya waya wetu. Nguzo za mtaani ni zao kweli. Lakini mbele ya hapa, sisi na wao ni kitu kimoja. Tukifa, wanakufa."

"Loo!" Sajenti alipiga kofi paja. "Huku chini wanatukanana kwa mabango, kumbe juu wanalala kitanda kimoja. Mke wangu alihama Bluu kwenda Njano kwa hasira! Amehama kutoka sebuleni kwenda jikoni."

"Nani anajua?" aliuliza Inspekta.

"Wakubwa wa pande zote. Sisi wahandisi. Mafundi wao wachache."

"Wauzaji wao?"

Mhandisi alitikisa kichwa. "Wauzaji hawaambiwi. Wangeuza nini?"

Inspekta aliketi juu ya mfuniko wa zege. Aliweka mfuko wa plastiki magotini.

"Sajenti. Mtu anapanda ngazi mchana kweupe. Amevaa ovaroli, hakuna anayemtazama, maana fundi juu ya nguzo ni sawa na kunguru. Anakata Bluu, haigusi Njano. Anataka nini?"

"Bluu izime, Njano iwake." Sajenti alikuwa anafikiri kwa vidole, kimoja kimoja. "Watu wakae gizani kwa siku mbili, maana Bluu ni kobe. Halafu kesho yake anakuja mtu na fulana ya njano anabisha hodi, 'Poleni, jamani, sisi kwetu ipo.' Mtaa mzima unahama." Kidole cha mwisho kikabaki hewani. "Mwuzaji."

"Mwuzaji aliyewahi kuwa msaidizi wa mafundi."

"Lakini mwuzaji wa mtaa huu si ni yule..." Uso wa Sajenti ulibadilika. "Hapana, Afande. Hapo sikufuati. Mama yake anakaa nyumba ya pili! Kitufe chake kinategemea hizohizo. Nani anamkatia mama yake?"

"Hakumkatia mama yake," alisema Inspekta. "Alihakikisha kwanza. Wiki moja kabla, alimwekea ya Njano."

Juu yao kunguru alitua kwenye waya, waya ukayumba. Mhandisi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Piga simu kituoni," Inspekta alisema akiinuka. "Mzee Chuma apewe chai na mkokoteni wake. Wewe nifuate."

*

Mdogo wa fundi cherehani, mtaa ulimwita Bwana Njano, na yeye alilipenda jina. Alifika nyumbani na mkoba begani, fulana yake ya kazi imefuliwa mpaka rangi inataka kuaga. Alikuwa mtu wa maneno matamu hata kwenye msiba.

"Karibu, Afande. Dada, hata maji hujampa mgeni? Tuwieni radhi, nyumba bado haijakaa sawa."

"Kaa, kijana," alisema Inspekta.

Alikaa. Sebule ilikuwa nyembamba; mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa wazi, na giza lake lilionekana kutoka pale. Fundi cherehani alisimama dirishani. Dirisha hilo, na la chumbani vilevile, yalitazama mdomo wa mtaa: nguzo ya bluu, nguzo ya njano. Sajenti alijaza mlango wa nje.

"Jumanne alasiri ulikuwa wapi?"

"Kazini. Mtaa wa nyuma, nagawa vipeperushi."

"Mtoto ulimwacha na nani?"

"Na mama, kitandani kwake. Nilimfungulia katuni kwenye tableti, akawa ametulia. Sikukawia sana."

"Katuni zilipita laini ipi?"

"Yetu." Alijibu upesi, kama mtu anayejibu swali alilosomea. "Tableti niliiunga mwenyewe kwa Njano. Bluu haiwezi katuni, inakwamakwama."

"Una hakika ilikuwa Njano?"

"Afande, mimi ndiye niliyeunga."

"Sawa." Inspekta aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya kahawa, akautoa waya ndani, akaulaza mbele yake. "Kazi zinaendaje?"

"Kazi?" Macho yake yalikuwa kwenye waya. "Ngumu tu. Wametuambia asiyeleta wateja wapya mwezi huu arudishe fulana. Lakini tunapambana."

"Hebu nifungulie hiyo tepu. Mimi kucha zangu fupi."

Ulikuwa mtego mdogo, wa kitoto. Mkono wake ulitangulia akili. Haukupapasa, haukutafuta mwanzo wa tepu ulipo. Kidole gumba na cha shahada vilikwenda moja kwa moja kwenye kijisikio, vikakishika, vikavuta. Tepu ikafunguka kwa mvumo mmoja laini.

Fundi cherehani aligeuka kutoka dirishani kwa ule mvumo. Alitazama sikio lililobaki kati ya vidole vya mdogo wake. Akaishika futi yake shingoni kwa mikono miwili.

"Mwana wa mama," alisema. "Mwana wa mama yangu."

"Tepu ni tepu!" Aliidondosha kama imemuunguza. "Tepu nyeusi iko kila duka. Mtu yeyote anaweza kukunja."

"Anaweza," alikubali Inspekta.

"Basi! Na hata kama... tuseme tu mtu alikata ya Bluu, nasema tuseme, mama alikuwa na yetu. Dada, si ulikuwepo nilipofunga? Si ulikiona kitaa cha kijani? Bluu ikatwe hata mara mia, mama alikuwa na yetu. Yetu haikukatika."

"Ilikatika."

"Haikukatika! Ilizimwa jioni, kwa matengenezo. Ujumbe wa kampuni huu hapa." Alitoa simu, akaisukuma mezani. "Soma, Afande. 'Mteja mpendwa, tunaboresha huduma.' Jioni. Mama alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo alasiri ilikuwepo."

"Kijana, kuna bomba nyuma ya nguzo ya Bluu. Limepakwa rangi. Nenda kalione. Njano inaingia chini ya kisanduku cha Bluu, na juu unatoka waya mmoja. Huo." Alionyesha kwa kidevu. "Ni wa wote. Mmekodi kwao."

"Nguzo zetu," alisema Bwana Njano. "Nyaya zetu. Walitufundisha kwenye semina. Walituonyesha ramani, Afande, ramani nzima ya njano! Siwezi... mimi ningewezaje..." Alimtazama dada yake, kisha Sajenti, kisha tena dada yake, kama anayebisha hodi nyumba hadi nyumba. "Mama hakubonyeza. Sikilizeni. Hilo ndilo jibu. Labda usingizi ulimchukua. Angebonyeza, ingeenda. Ilikuwepo, ilikuwa inafanya kazi wakati wote. Hakubonyeza tu."

Sajenti alikuwa anatazama viatu vyake. Inspekta alikuwa na tepu, alikuwa na bomba, na alijua vizuri kuwa wakili mwenye ulimi angevipeleka kokote: tepu ni tepu, na ujumbe wa kampuni umeandikwa saa yake. Na alijua pia kwamba mtu huyu hakuwa anajitetea mahakamani. Alikuwa anashikilia kitaa kimoja cha kijani, asiachie, maana chini yake palikuwa hapana sakafu.

Ka.

Simu ya fundi cherehani iliita mfukoni. Hakuitazama.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kitufe shingoni, vumbi la mvunguni magotini. Mwanga ulimfanya apepese macho. Aliwatazama wakubwa wote, mmoja mmoja: shangazi anayelia bila sauti, mtu mnene wa mlangoni, mama wa polisi aliyelala naye sakafuni. Kisha akauona waya mezani. Akamtazama baba yake.

"Rudi ndani, mama," alisema Bwana Njano, akijaribu kutabasamu. Aliweka kidole mdomoni. "Shh. Nong'ona. Bibi amelala."

Mtoto aligeuka akatazama kitanda, pale gizani, shuka limetandikwa, hakuna mtu. Alikitazama muda mrefu. Alipogeuka tena, hakunong'ona.

"Baba, katuni ilisimama ulipopanda ngazi."